Kofia ya pamba chini ya chapeo: fundi wangu wa Kiyembe

Nimeshonewa kofia mbili na fundi huyu. Ya kwanza ilishindikana. Naandika kwa ajili ya ile ya pili.

Nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Kampala, na klabu yetu kila mwaka huvaa mavazi ya watu wa kale na kuonyesha mbele ya wazazi jinsi yalivyotumika. Safari hii vijana walichagua askari wa miguu wa Ufaransa, karne ya 13. Chapeo tuliifulisha Katwe, na wale mafundi wa vyuma sina la kuwalaumu: bati nene, kilo 2 na robo, kingo zimesuguliwa vizuri. Lakini chuma hakikai juu ya kichwa kitupu. Kijana wa kwanza aliivaa dakika tano, akaivua ana mstari mwekundu kwenye paji la uso.

Wenyewe enzi zile walitanguliza kofia ya kitambaa iliyoshonwa kama mfarishi: vitambaa viwili, pamba katikati, mishono mistari mistari, masikio yamefunikwa, kamba zinafungwa chini ya kidevu. Umbo lake utaliona katika ile Biblia ya picha iliyochorwa Ufaransa miaka ya 1240, iliyoko sasa Morgan Library, New York. Kofia nyeupe za kufunga kidevuni zimejaa humo.

Basi nikapanda jengo moja la mtaa wa Kiyembe, ghorofa ya pili, kwenye ukumbi ule wa vyerehani vilivyobanana hadi unapita kwa ubavu. Fundi ni mama kutoka Bukavu. Tulielewana upesi kwa Kiswahili, chake cha Kongo na changu cha Bombo, nikamwonyesha picha kwenye simu na kumpa kipimo cha kichwa, sentimita 57.

Alichonipa baada ya wiki kilikuwa kizuri kwa macho tu. Alikata kitambaa kwa kipimo kile kile, kisha ndiyo akajaza, na mjazo ukala nafasi yote ya ndani. Kofia ilimtosha mtoto wa darasa la pili. Tena alijaza zile nyuzi za plastiki za kwenye majaketi, ambazo kwa joto la hapa mtu atachemka, na mistari yote ikapita kwenye cherehani kwa uzi unaong'aa. Cherehani ya Singer ilipata hataza mwaka 1851. Askari wetu ametangulia miaka 600.

Nilimweleza bila kupandisha sauti, naye hakubishana. Alisema tu, "Mwalimu, leta hicho chuma chenyewe nikione."

Nilikileta kwa boda kesho yake. Akakivaa yeye mwenyewe, akakaa nacho akiendelea kushona sketi ya mteja, akainama, akageuka kushoto na kulia. Alipokivua alikuwa ameshajua mahali kinapouma: juu ya paji, na nyuma panapokutana kisogo na shingo. Mimi nilikuwa nimesoma habari za kofia hizi miaka, na hili la kisogo sikulijua.

Ya pili tuliianza upya. Kitambaa cha kitani nilikipata soko la Owino kwenye mivumba, yaani mitumba: kitambaa cha meza cha zamani, shilingi 8,000. Nikakifua kwa maji ya moto ili kama ni kurudi kirudi kabisa. Pamba nilinunua duka la dawa, lile bunda la gramu 500. Akatandika kitambaa, pamba tabaka mbili, kitambaa tena, akashona mistari kwanza, sindano ya mkono na subana, nafasi ya sentimita 2. Ndipo akakata, maana mishono huvuta kitambaa na kukifupisha. Vipande vitatu: ukanda wa kati kutoka paji hadi kisogo, na pande mbili. Kisogoni akaongeza tabaka moja ya pamba. Maungio ya ndani aliyapitisha kwenye cherehani, nami nilikubali kwa sababu bitana inayafunika. Mwenye msimamo mkali zaidi asikubali, atakuwa na haki yake.

Kuhusu mjazo sikutaka kulegeza hata kidogo. Mwaka 1322 mafundi wa silaha wa London waliandikiana kanuni juu ya nini kiruhusiwe kuingia ndani ya mavazi ya vita ya kujazwa, kwa kuwa mnunuzi haoni kilichomo ndani. Na moja ya mavazi hayo liliitwa aketon, jina lililotokana na Kiarabu, al-qutn, yaani pamba. Mimi ni Mnubi, na lugha yetu imetokana na Kiarabu. Neno la Kiarabu kifuani pa askari wa Ulaya lilinifurahisha mno, nikamsimulia fundi akiwa kazini. Alisimamisha sindano akaniuliza kama pamba yenyewe ililimwa kwao hao askari. Nikamwambia la, ilivuka bahari.

Kijana aliivaa na chapeo juu yake dakika 40, akakimbia uwanja mzima. Chuma hakikuyumba, paji halina alama. Jasho lipo, lakini pamba inalinyonya. Nimeifua mara mbili. Inachukua siku moja na nusu kukauka, na pamba haijajikusanya vidonge.

Kasoro: kamba ya kushoto imeshonwa nyuma kidogo kuliko ya kulia, kwa hiyo fundo linakaa upande. Na aliahidi Jumanne nikaipata Jumamosi, siku ambayo sherehe za watu zimemlemea. Mpe wiki mbili, usimpe moja.

Ufundi ulikuwa shilingi 45,000, kitambaa na pamba juu yangu. Ile ya kwanza alikataa kabisa niilipie. Kwa kazi ya mkono ya siku tatu, naona nilimlipa kidogo, na agizo linalofuata nitaongeza.

Kipimo alikikata kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akakitundika kwenye msumari juu ya cherehani yake, ameandika kwa kalamu nyekundu: MWALIMU – CHUMA. Ukienda na chapeo yako nenda nayo mkononi, kabla ya saa tano asubuhi. Mimi narudi muhula ujao na vichwa vitano.