Kihisi cha DS18B20 na Arduino kwenye friji ya dawa: uzoefu wangu

Kwenye friji ya dawa, wastani wa joto unaweza kukudanganya. Insulini ambayo haijaanza kutumika hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na ikiganda mara moja tu haifai tena, hata kama wastani wa siku nzima ni nyuzi 5. Ninachotaka kujua ni mambo mawili: joto lilishuka hadi wapi, na lilipanda hadi wapi. Vipimajoto vya kawaida vyenye kumbukumbu ya juu na chini nilivyowahi kutumia vilinipa namba hizo bila kusema zilitokea saa ngapi, kwa hiyo nikahamia kwenye kihisi cha joto cha DS18B20 na bodi ya Arduino Uno R3, yaani kompyuta ndogo unayoiandikia programu mwenyewe.

Kwa kazi hii bodi ndogo inatosha kabisa. Ukisoma joto kila sekunde, kwa siku unapata vipimo 86,400, na Uno R3 ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 2,048 tu. Lakini huna haja ya kuvitunza vyote. Kila kipimo kinapoingia kinalinganishwa na rekodi mbili zilizopo, kisha kinaachwa kiende zake. Angalizo moja: usianzishe rekodi hizo kwa sifuri. Friji ikikaa kwenye nyuzi 4 muda wote, rekodi ya chini itabaki sifuri ambayo haikuwahi kutokea. Anza na kipimo cha kwanza kilicho halali.

Neno "halali" ndilo lenye uzito hapa. Wastani ukiingiwa na kipimo kimoja kibovu hutikisika kidogo na kurudi. Rekodi ya juu au ya chini ikiingiwa nacho, imeharibika mpaka uifute. Na DS18B20 ina namba zake za kuangalia. Ikiwashwa tu, kabla haijapima chochote, thamani iliyomo ndani yake ni nyuzi 85. Ikipima kwa hatua zake ndogo kabisa (biti 12), kipimo kimoja kinaweza kuchukua hadi milisekunde 750. Ukisoma kabla ya hapo baada ya umeme kurudi, unaletewa hiyo 85. Waya ukilegea, maktaba ya DallasTemperature (programu iliyoandikwa tayari ya kusomea kihisi hiki) inakurudishia -127. Mimi nazikataa zote mbili moja kwa moja, kwa kuwa friji haiwezi kufika huko. Anayepima maji ya moto hawezi kuitupa 85 kirahisi hivyo.

Juu ya hapo nachukua vipimo vitatu vya mwisho na kutumia kile cha katikati kwa ukubwa. Mruko wa kipimo kimoja unapotea wote. Gharama yake ni kwamba badiliko la kweli la sekunde moja nalo litapotea, lakini ndani ya friji joto haliendi mbio kiasi hicho.

Kilichonifurahisha zaidi ni rekodi ya saa 24 zilizopita. Natunza jozi 24 za juu na chini, moja kwa kila saa, na saa mpya inafuta ile kongwe. Jumla ni baiti 192, na papo hapo unaona kwamba baridi kali ilikuja saa tisa usiku, si mchana mlango ulipokuwa ukifunguliwa. Hapo ndipo kipimajoto cha kawaida kinapoachwa mbali.

Umeme ukikatika, rekodi zinabaki kwenye EEPROM ya bodi, kumbukumbu isiyohitaji umeme ili kutunza kilichoandikwa. Andika humo pale tu rekodi inapovunjwa: kila sehemu yake imekadiriwa kuandikwa mara 100,000, na kuandika kila sekunde kungezimaliza kwa siku moja na ushee.

Upungufu mkubwa ni kwamba kihisi kinaonyesha hatua za nyuzi 0.0625, na tarakimu hizo zinavutia kuaminiwa kupita kiasi. Usahihi wake, kuanzia -10 hadi 85, ni nusu nyuzi juu au chini. Rekodi ya chini ikisema 2.2, huenda dawa ilikuwa kwenye 1.7. Kwa sababu hiyo kengele yangu inalia kwenye 2.5 na 7.5. Kihisi kina vizingiti vya tahadhari ndani yake chenyewe, ila vinapokea nyuzi kamili tu, hivyo ulinganishaji nimeuacha kwenye programu ya bodi.