Glasi ya kuonjea ya ISO: ndogo, haina madaha, lakini ndiyo ya kununua kwanza

Mezani glasi hii haivutii. Ni fupi, mdomo umebana, na mgeni akimiminiwa mvinyo kwa kipimo chake halali atadhani amepunjwa. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kujifunza kuonja bia, mvinyo na pombe kali bila kujaza kabati, ndiyo ya kuanza nayo. Si kwamba inakipendeza kila kinywaji. Kwenye bia ni ya wastani tu, na kwenye mvinyo mwekundu mzito hushindwa na glasi kubwa. Faida yake ni kwamba umbo limewekewa vipimo vya milimita. Unachonusa leo na utakachonusa mwezi ujao hupita njia ileile, kwa hiyo tofauti unayoiona imetoka kwenye kinywaji, haikuletwa na chombo.

Kiwango chenyewe ni ISO 3591 cha mwaka 1977, kilichotolewa na shirika la kimataifa la viwango (ISO), na chimbuko lake ni glasi ya INAO, taasisi ya Ufaransa inayosimamia majina ya asili ya mvinyo. Urefu wote ni mm 155: tumbo mm 100, mguu na kitako mm 55. Mdomo una kipenyo cha mm 46, na tumbo linapopanuka kabisa hufika mm 65. Ikijazwa pomoni hubeba kati ya ml 210 na 225, lakini kipimo cha kuonjea ni ml 50 tu. Madarasa ya WSET, taasisi ya Uingereza inayofundisha mvinyo na pombe kali, huitumia kwa vyote viwili.

Piga hesabu ya vipenyo hivyo viwili: eneo la mdomo ni nusu ya eneo la tumbo. Kinywaji kinatoa mvuke kwenye uso mpana, mvuke unapanda na kukuta mlango wa nusu ya ukubwa huo. Juu ya ml 50 za kinywaji kuna takriban ml 165 za nafasi tupu, na harufu hukusanyika humo. Ukimimina ml 120 kwa sababu glasi inaonekana tupu, umeila nafasi hiyo, na ukizungusha utajimwagia.

Tatizo la kwanza huja kabla hata chupa haijafunguliwa. Glasi nyingi huuzwa kwa jina la ISO huku zimeongezwa ukubwa ili zipendeze machoni. Chukua rula na mizani ya jikoni. Weka glasi tupu kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, jaza maji hadi ukingoni: yakiwa chini ya gramu 210 au kuzidi 225, si yenyewe. Kisha pitisha kidole ukingoni. Ukingo mzuri ni mwembamba na laini. Wa bei rahisi una kijitungo, yaani uvimbe wa duara unaotokeza nje. Kijitungo hicho si suala la urembo. Kinywaji hujikwaa hapo kabla ya kuingia mdomoni. Mwisho, zipange glasi zote za boksi moja mstari mmoja uzitazame kwa usawa wa macho. Zikipishana urefu, rudisha.

Kwenye mvinyo ndipo glasi hii iko nyumbani kwake. Pima ml 50 kwa kikombe cha kipimo mara ya kwanza, uangalie zinafika wapi. Ni karibu na sehemu pana ya tumbo, na baada ya mara chache jicho litazoea. Chupa ya ml 750 inatoa vionjo 15. Inamisha glasi nyuzi 45 juu ya karatasi nyeupe kutazama rangi, kuanzia katikati hadi pembeni inapofifia. Nusa kwanza bila kuzungusha, kwa sababu harufu nyepesi ndizo za kwanza kupotea. Ndipo uache kitako kimekaa mezani, ukizungushe mara tatu au nne, unuse tena. Kama harufu bado ni hafifu, funika mdomo wa glasi kwa kisosi kidogo kwa dakika moja au mbili kisha ufunue chini ya pua. Wengi hufunika kwa kiganja. Kiganja kina sabuni, losheni, na chochote ulichoshika mwisho.

Kuna harufu moja inayowachanganya wanaoanza kuliko zote: karatasi ngumu iliyolowa. Ndiyo harufu ya TCA, kemikali inayotoka kwenye kizibo kibovu na kuua tunda lote la mvinyo. Ndiyo pia harufu ya bia iliyozeeka kwa kuingiliwa na oksijeni. Na ndiyo harufu ya boksi lililotunza glasi zako tangu zinunuliwe. Chupa nzima zimewahi kumwagwa kwa kosa la kabati. Njia ya kutofautisha ni rahisi: nusa glasi tupu kabla ya kumimina. Ikiwa na harufu yoyote, tia ml 10 za mvinyo huohuo, zungusha ziguse kila upande, mwaga, kisha mimina kionjo. Harufu ya boksi itaondoka na ule mvinyo wa kusuuzia. Ya TCA itabaki, na mara nyingi itaonekana zaidi baada ya dakika tano.

Udhaifu wake uko kwenye mvinyo mwekundu kijana wenye tanini nyingi, yaani ule unaokausha mdomo. Uso wa kinywaji kwenye tumbo la mm 65 ni sentimita za mraba 33 tu. Glasi kubwa ya mvinyo mwekundu yenye tumbo la mm 100 ina zaidi ya 78. Ndani ya ISO mvinyo wa namna hiyo huonekana umefungwa, yaani hautoi harufu yake, na mtu anaweza kuuhukumu vibaya. Mimina mapema, rudi baada ya nusu saa, au uupitishe kwenye jagi kwanza. Mvinyo wa mapovu nao hautendewi haki ya macho, maana nguzo ya mapovu ni fupi. Ila hapo kuna jambo la kujua: mapovu huanzia kwenye nyuzinyuzi ndogo zilizobaki ndani ya glasi, nyingi zikitoka kwenye kitambaa cha kukaushia. Glasi moja ikikaushwa kwa kitambaa na nyingine kwa hewa, mvinyo uleule utaonekana una mapovu tofauti. Ukilinganisha, zikaushe zote kwa njia moja.

Pombe kali ndiyo inayohitaji mkono mwepesi. Weka ml 20 hadi 25, si zaidi, na usizungushe kama mvinyo. Kuzungusha kunaamsha kilevi kwanza, na mdomo uliobana unakirundika mbele ya pua. Ukivuta pumzi ndefu hapo, pua inakufa ganzi kwa dakika kadhaa na kionjo kinachofuata hakina maana. Inamisha glasi taratibu, igeuze mara moja ili pande zilowe, isimamishe. Anza na glasi usawa wa kidevu, mdomo wako ukiwa wazi kidogo, ipandishe polepole, nusa kwa pumzi fupifupi. Mahali unapoanza kuhisi mchomo, simama, rudi nyuma kidogo, fanya kazi yako hapo.

Kisha maji. Wanaoshupalia kunywa wiski kavu wanaruhusiwa kunywa wapendavyo, ila kunusa ni kazi nyingine, na wachanganyaji wa wiski hunusa sampuli zilizopunguzwa hadi karibu asilimia 20. Kwa ml 25 za pombe ya asilimia 40, ongeza ml 8 kushuka hadi asilimia 30, au ml 25 kufika 20. Kwa ile ya asilimia 46 ni ml 13, au ml 32 na nusu. Ya asilimia 60 inahitaji ml 25 ili tu ifike 30. Tumia bomba dogo la kupimia dawa ya watoto. Kumimina maji kwa kukadiria ndiko kunakofanya watu wawili wabishane juu ya pombe mbili tofauti wakidhani ni moja. Maji yawe ya joto la chumba, yasiyo na klorini. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba gwayakoli, mojawapo ya kemikali zinazoipa wiski harufu ya moshi, hukaa karibu na uso wa mchanganyiko kilevi kisipozidi asilimia 45, na huzama ndani kinapopita 59. Kwa hiyo tone la maji kwenye wiski nzito si woga. Ikigeuka ukungu baada ya maji, usishtuke: wiski ambayo haikuchujwa ikiwa baridi hufanya hivyo, kwa sababu mafuta yake hayayeyuki vizuri kilevi kikipungua.

Mshindani wake hapa ni Glencairn, glasi ya Uskoti iliyobuniwa na Raymond Davidson na kuingia sokoni 2001. Haina mguu, ina kitako kizito kinachokaa imara na kuvunjika kwa shida. Kwa anayekunywa wiski tu, Glencairn inashinda kwa raha ya mkono. Kwa anayejifunza, kukosa mguu kunamaanisha vidole vinapasha joto kinywaji, na huwezi kuitumia kwa mvinyo bila kujisikia umebanwa.

Kwenye bia tuseme ukweli: ISO inavumiliwa tu. Mimina ml 100, uache povu la sentimita mbili, na tayari umefika kwenye mwisho wa busara. Chupa ya ml 330 itakulazimu umimine mara tatu, na kama bia ina hamira chini ya chupa, glasi ya kwanza itakuwa angavu na ya tatu itakuwa tope, yaani umeonja bia mbili. Dawa ni kuimimina yote kwenye jagi safi kwa mkupuo mmoja, halafu kugawa. Jambo linaloiokoa ni kwamba kiasi kidogo hupata joto haraka. Bia iliyotoka kwenye friji ikiwa na nyuzi 5 inapanda hadi 10 au 12 ukiwa bado unaandika, na hapo makosa hujitokeza: harufu ya siagi inayoletwa na diasetili, harufu ya mahindi ya kuchemsha inayoletwa na kemikali ya salfa iitwayo DMS, au ile ya kicheche, ambayo ni mwanga uliopiga kemikali za hops (maua yanayoipa bia uchungu) kupitia chupa ya kijani au nyeupe. Teku, glasi ya bia iliyobuniwa Italia na Teo Musso na Lorenzo Dabove na kutengenezwa na kampuni ya Rastal, inalifanyia povu na harufu ya bia kazi bora zaidi. Anayejali bia peke yake aende huko moja kwa moja.

Bia pia ndiyo inayoumbua glasi chafu. Mapovu yakinata kwenye pande za ndani, au povu likianguka mara moja, usiilaumu bia kwanza. Lowesha glasi kwa maji, mwaga, nyunyiza chumvi ndani: chumvi itanata kila mahali isipokuwa penye mafuta. Mafuta hayo kwa kawaida ni mabaki ya sabuni, au ya dawa ya kulainishia nguo iliyobaki kwenye kitambaa. Osha kwa maji ya moto na sabuni kidogo isiyo na manukato, suuza mara mbili, isimamishe kichwa chini hadi maji yachuruzike tu. Kuihifadhi kichwa chini ni kosa jingine. Hewa ya rafu inanaswa ndani, na tumeshaona harufu ya rafu inavyoigiza kizibo kibovu.

Ikififia na kuwa na ukungu, isugue kwa siki. Ukungu ukiondoka ulikuwa chokaa ya maji. Usipoondoka, mashine ya kuoshea vyombo imeshakula uso wa glasi, na hakuna tiba. Nyingi lakini hufa wakati wa kukaushwa: mkono mmoja unashika kitako, mwingine unazungusha tumbo, mguu unakatika na kipande chenye makali kinaingia kiganjani. Shika tumbo lenyewe unapokausha tumbo, kitako unapokausha kitako.

Nunua sita za boksi moja, si mbili. Sababu ni jaribio la pembe tatu, ambalo ndilo linaloihalalisha glasi hii: glasi tatu zilezile, mbili zina kinywaji kimoja, ya tatu kingine, mtu mwingine anapanga, wewe unatafuta ile ya kipekee. Kwa kubahatisha utapata moja kati ya tatu. Rudia mara sita, ukibadilishiwa mpangilio kila mara. Ukipata tano au zaidi, uwezekano kwamba ni bahati tu haufiki asilimia 2. Ukipata nne, bado uko karibu na asilimia 10, usijisifu. Weka chombo cha kutemea pembeni na uteme, la sivyo ulimi wa raundi ya sita si ule wa raundi ya kwanza. Kwa glasi tatu unaweza kufanya jaribio hili, ila unaosha na kukausha kila raundi. Kwa sita, msaidizi anatayarisha raundi inayofuata wewe ukiwa bado unanusa. Moja ikivunjika miezi kadhaa baadaye, nyingine ya kiwanda kingine inaweza kuwa ndani ya kiwango na bado ikatofautiana na zako kwa jicho, na jaribio la pembe tatu haliwezi kuivumilia. Hiyo itumie kwa maji.