Stempu zenye mihuri ya Nyanda za Juu Kusini: uanze kununua zipi

Hapa unacholipia ni jina la mahali na tarehe kwenye mhuri wa posta. Stempu ya twiga ya Tanganyika ya 1922 yenye mhuri wa Dar es Salaam inapatikana kirahisi. Hiyohiyo ikigongwa Tukuyu au Njombe, na jina likasomeka lote, bei inapanda.

Fedha ikiruhusu, anza na bahasha nzima. Mhuri, anwani, nauli ya barua na mhuri wa kupokelea nyuma vinathibitishana. Muuzaji akitaka kukubandulia stempu, mkatalie: thamani kubwa inabaki kwenye karatasi. Bahasha ikikushinda, chukua kipande chake chenye mhuri kamili. Inafuata stempu moja iliyogongwa katikati, jina na tarehe vikiwa ndani ya meno ya kingo zake. Mfuko wa mchanganyiko uwe wa mwisho. Mihuri mingi humo ni robo duara tu.

Kwenye stempu za Kijerumani, za enzi za ukoloni wao, fungua macho. Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg, na kwa kuwa stempu ni rahisi huku mhuri ukiwa ghali, waghushi hugonga mihuri ya uongo. Shika lenzi ya kukuza mara kumi, usome mwaka. Mpaka 1905 stempu zilikuwa za pesa, jina la sarafu ndogo ya wakati huo, 64 kwa rupia; ndipo zikaja za heller, sarafu iliyofuata, 100 kwa rupia. Mhuri wa 1903 juu ya stempu ya heller ni bandia. Mhuri wa Mbeya juu ya stempu ya Kijerumani nao ni bandia, maana mji huo ulianza miaka ya 1920, Wajerumani walishaondoka.

Stempu za Nyasaland (Malawi ya leo) zilizochapwa juu herufi N.F., za jeshi la Waingereza lililoingia kutoka kusini 1916, zimeghushiwa mno. Bila cheti cha mtaalamu, ziache.

Stempu za thamani kubwa, kama za pauni, zilibandikwa pia kwenye hati za ushuru na kufutwa kwa kalamu. Waghushi husafisha wino huo, kisha hugongwa mhuri wa uongo. Igeuze, uielekeze kwenye mwanga: utaona mikwaruzo ya kalamu au rangi iliyopauka.

Ukibandua stempu za mfuko wa mchanganyiko kwa maji, wenye mhuri wa zambarau usiuloweke, wino utatoka. Ulio mweusi, maji baridi dakika 15 hadi 20 yanatosha. Unyevu wa Tukuyu huleta madoa ya kahawia na kugandisha gundi, hivyo simamisha albamu wima, mbali na ukuta wa nje.