Kasri la Celle, Ujerumani: nendeni mkamjue Sophia Dorothea

Nyota tano. Kama unaishi Hannover au unapita huko, panda treni hadi Celle, haifiki hata saa moja, kisha tembea kwa miguu mpaka kwenye kasri. Nilimpeleka mama yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, nikawa namtafsiria chumba kwa chumba.

Kanisa la ndani lenye picha za mchoraji Marten de Vos linapendeza mno. Lakini kilichotushika ni habari za Sophia Dorothea, binti wa nyumba hii, aliyezaliwa 1666. Baba yake, mtawala Georg Wilhelm, alimpenda Mfaransa asiye wa hadhi yake, Eleonore d'Olbreuse, akaishi naye miaka mingi mpaka akamwoa rasmi mwaka 1676. Mtu huyohuyo, mwaka 1682, akamwoza binti yake wa miaka 16 kwa Georg Ludwig wa Hannover, mtoto wa baba yake mdogo, ili milki za ndugu wawili ziunganishwe. Mume akawa na hawara. Sophia Dorothea naye akampenda ofisa wa jeshi, Königsmarck, ambaye usiku mmoja wa Julai 1694 aliingia katika kasri la Hannover na hakuonekana tena. Talaka ikatoka mwaka huohuo. Sophia Dorothea akafungiwa katika kasri la Ahlden zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki 1726, bila kuwatia machoni tena watoto wake wawili. Mume alishakuwa Mfalme George wa Kwanza wa Uingereza.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, na baba mtu alikuwa wapi?" Alikuwa hapahapa Celle, wala hakwenda kumwona. Aliyekuwa akienda ni mama yake, Eleonore. Kwangu hilo ndilo zito kuliko yote: aliyejichagulia mke kwa mapenzi alimnyima mwanawe hata salamu.

Msiishie kasrini. Sophia Dorothea amezikwa chini ya kanisa la mjini, St. Marien, karibu na wazazi wake. Aliletwa Mei 1727 bila sherehe yoyote. Ulizeni kwanza saa za kushuka makaburini. Na ukienda na mzazi asiyejua Kijerumani, msimulie kisa chote kwenye treni, ili mkifika mpate nafasi ya kutazama kwa utulivu.