Kupiga picha makundi ya galaksi kwenye mbalamwezi: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Anga limetakata, wingu hata la dawa hakuna, darubini imeshapoa, halafu unatazama juu: Mwezi umejaa, ungeweza kuokota sindano chini. Kundi la galaksi ulilolisubiri wiki nzima liko pale pale, ila limezama ndani ya weupe. Wengi wetu hapo hukimbilia simu na kuanza kutafuta filta (kioo kinachochuja mwanga kabla haujafika kwenye kamera) ya kuondoa mbalamwezi. Mimi pia nilikimbilia, na nilinunua filta mbili kabla sijakaa chini kujiuliza ninachoomba kifanyike.

Mwanga wa Mwezi ni mwanga wa Jua uliogonga mawe ukarudi, na Jua ni nyota. Galaksi nayo ni nyota, mabilioni kwa mabilioni. Kwa hiyo unaiambia filta itenganishe mwanga wa nyota na mwanga wa nyota. Haina pa kushika. Nebula, wingu la gesi angani, ni habari nyingine: gesi yake hung'aa kwa rangi chache nyembamba, ukizibakiza hizo na kuzuia zilizobaki, Mwezi unapotea na nebula inabaki. Kwa galaksi ujanja huo unagoma.

Kuna mwanya mmoja tu. Hewa yetu hutawanya buluu kuliko nyekundu. Ndiyo sababu anga la mchana ni la buluu, na la usiku wa mbalamwezi ni la buluu vilevile, ila macho yetu hayana nguvu ya kuiona rangi hiyo gizani. Kamera inaiona. Hewa ikiwa safi, mwanga wa buluu wa nanomita 450 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga) hutawanywa karibu mara 4 zaidi ya ule mwekundu wa nanomita 650. Orodha yangu yote ya vifaa, iliyo hapa chini, inategemea mwanya huu, pamoja na hesabu moja ya muda: anga likiwa na mwanga mara 10 zaidi, unahitaji muda mara 10 ili picha iwe na chenga (ule mchangamchanga wa picha) zilezile. Penye giza la kweli, Mwezi mpevu huongeza mwanga wa anga zaidi ya hapo. Anayepigia katikati ya taa za mji hupoteza kidogo kuliko mwenzake wa porini, kwa sababu hakuwa na cha kupoteza.

Nimepanga kwa faida unayopata kwa kila shilingi, dola au chochote unacholipa nacho, na kwa galaksi za mbali tu. Mfano wangu ni galaksi tano za Stephan, zilizo katika kundinyota la Farasi. Édouard Stephan aliziona kule Marseille mwaka 1877, na katika orodha ya makundi 100 ambayo Paul Hickson aliitoa mwaka 1982, zina namba 92. Nne kati yao ziko umbali wa miaka ya nuru milioni 290 hivi. Ya tano, NGC 7320, iko karibu zaidi, kama milioni 40, imejipanga mbele yao kwa macho yetu tu. Shika jambo hilo, linarudi chini.

Nafasi ya 1: bomba refu na kitambaa cheusi

Haina mvuto, najua. Hakuna anayewaonyesha marafiki zake bomba. Lakini mbalamwezi haiingii kwenye picha kupitia anga peke yake. Inapiga ukingo wa darubini, inaruka ndani ya bomba, inafika kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, kwa njia za uani. Nunua au jitengenezee bomba la kukinga umande lenye urefu wa angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha darubini, na ndani ulibandike mahameli nyeusi. Rangi nyeusi ya kawaida haitoshi, ukiitazama kwa mshazari inang'aa.

Niliwahi kupiga usiku mzima nikakuta kila picha ina upinde mweupe pembeni, kama ukucha uliokatwa. Nikasafisha kioo. Nikasafisha sensa. Nikailaumu kamera, nikataka hata kuirudisha. Usiku wa pili, kwa bahati tu, nikaegesha kiganja nyuma ya darubini yangu ya Newton, ile ya vioo, na upinde ukatoweka kwenye skrini. Mwezi ulikuwa unaingia kwa nyuma, kwenye upenyo unaokizunguka kioo kikubwa. Dawa yake ilikuwa kofia ya plastiki ya kuogea, ile yenye lastiki, nyeusi. Ivalishe baada ya kioo kupoa, si kabla, vinginevyo utafungia joto ndani na nyota zitatetemeka.

Nafasi ya 2: filta nyekundu, na si ya bei mbaya

Kama tayari una kamera ya nyeusi-na-nyeupe na seti ya filta za nyekundu, kijani na buluu, basi filta ya mbalamwezi unayo. Ni ile nyekundu. Usiku wa Mwezi piga nyekundu tu, nyingine zisubiri giza.

Kama huna, tafuta inayopitisha kila kitu kuanzia nanomita 610 kwenda juu. Kampuni ya Baader wanayo, na kwa maoni yangu ndiyo inayokaa mahali pazuri: imeacha nje buluu na kijani chote chenye mbalamwezi, imebakiza eneo ambalo sensa bado ina nguvu. Kiini cha galaksi na galaksi za duaradufu zimejaa nyota za umri mkubwa ambazo zenyewe ni nyekundu, kwa hiyo hupotezi sana. Mikono ya buluu ya galaksi za mzunguko ndiyo itafifia. Hilo likubali mapema.

Wengine wanapanda zaidi, nanomita 685, au ile ya 742 ya kampuni ya Astronomik. Kwa darubini za vioo, 685 inafanya kazi vizuri. Ukipanda zaidi ya hapo mambo mawili yanakusubiri: sensa inaanza kuchoka, na hewa ya juu kabisa nayo hung'aa yenyewe kwenye infraredi (mwanga uliopita wekundu, tusioweza kuuona), kwa hiyo unakimbia Mwezi unaangukia mwanga mwingine. Darubini za lenzi zina tatizo la tatu. Nyingi hazikuundwa kuukusanya mwanga huo mahali pamoja, nyota zinanenepa na kuwa kama mbegu za papai.

Mwenye kamera ya rangi afikiri mara mbili. Nyuma ya filta ya 610, pikseli 1 kati ya 4 ndiyo inayofanya kazi ya maana, na kamera nyingi za rangi zina kioo mbele ya sensa kinachokata infraredi. Inasaidia, ila kwa kiasi. Na usiku wenye vumbi au ukungu faida inapungua kwa kila mtu, kwa sababu chembe kubwa hutawanya rangi zote karibu sawa.

Nafasi ya 3: diski

Utacheka. Lakini kwenye mbalamwezi anga linajaza sensa haraka, kwa hiyo picha moja ya sekunde 300 haina maana tena. Sekunde 60 zinatosha, na mara nyingi 30. Saa 6 za sekunde 60 ni picha 360. Kamera ya megapikseli 26 inatoa faili la megabaiti 52 hivi kwa kila picha. Zidisha: karibu gigabaiti 19 kwa usiku mmoja, kabla kompyuta haijatengeneza nakala zake za kati. Kwa kuwa silaha yako dhidi ya Mwezi ni saa nyingi, na saa nyingi ni faili nyingi, diski ya SSD ya ziada itakufaa kuliko filta ya tatu. Programu za kuzirundika picha hizo zote ziwe moja hulipii: Siril ni bure, na GraXpert, ambayo nayo ni bure, huondoa ule mng'ao unaopanda upande mmoja wa picha, upande uliko Mwezi.

Nafasi ya 4: kamera ya nyeusi-na-nyeupe

Ingekuwa juu zaidi kama isingekuwa bei. Inatumia pikseli zote kwa mwanga mwekundu, na hapo ndipo filta ya nafasi ya pili inapokamilika. Ushauri wangu ni kutonunua sensa kubwa kwa kazi hii. Galaksi tano za Stephan zote pamoja zinachukua dakika 3 na nusu hivi za tao (dakika 60 za tao ni nyuzi moja angani); Mwezi wenyewe una 30. Sensa ndogo ya mraba kama IMX533, yenye pikseli za mikromita 3.76, kwenye darubini ya urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokusanyika) milimita 1000 inaona dakika 39 kila upande. Kundi litakaa katikati na nafasi ya kumwaga. Faili zake ni kama theluthi ya zile za juu, na pengo la bei kati yake na sensa kubwa linanunua filta, bomba na diski kwa pamoja.

Kinachotakiwa zaidi ni urefu wa fokasi. Kwa milimita 400 kundi hilo lina upana wa pikseli 108 tu. Kwa 1000 ni 270, na hapo ndipo unaanza kuona kwamba NGC 7318 ni galaksi mbili zinazogongana, si doa moja.

Nafasi ya 5: stendi mpya ya kufuata nyota

Hapa Mwezi unakuonea huruma. Kama stendi yako inashikilia sekunde 60 bila nyota kuvutika, inatosha kwa usiku huu, hata kama sekunde 300 zinaishinda. Ongeza kamera ndogo ya kuongozea kama huna, itumie na PHD2, programu ya kuongozea stendi, na fedha ya stendi kubwa iache ikae.

Nafasi ya 6: filta za kukata taa za mji

Kama Optolong L-Pro na jamaa zake. Ziliundwa kuziba mistari ya taa za zamani za sodiamu na zebaki. Mwezi hauna mistari hiyo, umetandaza rangi zote. Kama unayo itumie kwa taa, ila usiinunue kwa ajili ya Mwezi.

Nafasi ya 7: filta ya polaraizi

Hii ina wapenzi, na wazo lake si la kijinga. Mwanga uliotawanywa nyuzi 90 kutoka kwenye Mwezi umepangika upande mmoja, na filta inaweza kuupunguza. Lakini inakata nusu ya mwanga wa galaksi pia. Tuseme asilimia 60 ya mwanga wa anga imepangika: anga linabaki moja ya tano, galaksi inabaki nusu, na ukipiga hesabu ya chenga faida ni kama asilimia 12. Isitoshe, itabidi uizungushe mpaka ikae upande sahihi kulingana na Mwezi. Asilimia 12 utaipata kwa kukaa nje muda mrefu zaidi kidogo.

Nafasi ya mwisho: filta za rangi mbili, haidrojeni na oksijeni

Hii ndiyo niliyoinunua kwanza, na ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa sababu picha inatoka nzuri. Anga linaonekana jeusi tii, nawe unadhani umeshinda. Tatizo ni kwamba galaksi nayo imekatwa. Filta yenye mianya miwili ya nanomita 7 inapitisha nanomita 14 kati ya 300 hivi za mwanga unaoonekana. Ili kupata chenga zilezile za kamera isiyo na filta utahitaji muda mara 20.

"Lakini galaksi zina gesi ya haidrojeni," utasema. Zina. Mstari wake uko nanomita 656.3 hapa nyumbani. Galaksi nne za Stephan zinatukimbia kwa kasi ya kilomita 6,000 hivi kwa sekunde, baadhi zaidi, na mwanga wao umesogea kuelekea wekundu hadi karibu nanomita 669 mpaka 671. Mwanya wa filta unaishia karibu 660. Mstari umepita nje ya mlango! Gesi inayopita ni ya NGC 7320 peke yake, ile ya karibu, mgeni asiyehusika na kundi. Kwa galaksi za Hercules, Abell 2151, mstari umekwenda hadi 680.

Kabla ya kulipa

Pima sensa. IMX533 ina ulalo wa milimita 16, filta ya inchi 1.25 inaifunika bila wasiwasi. Sensa za ukubwa wa IMX571 zina milimita 28, zinataka ya milimita 36 au inchi 2. Filta iliyotumika usiiogope, ila iinamishe chini ya taa utazame mikwaruzo na kingo zilizoanza kumenyuka. Ukishaifunga, rudia fokasi, kioo chenye unene wa milimita 2 kinaisukuma kama milimita 0.7.

Na angalia kalenda. Nusu Mwezi hautoi nusu ya mwanga wa Mwezi mpevu, unatoa kama sehemu moja ya kumi, kwa sababu uso wake umejaa vivuli. Nusu ya kwanza hutua karibu na usiku wa manane. Mimi siku hizi hupiga nyekundu mpaka unapotua, kisha nabadilisha filta na kupiga rangi zilizobaki mpaka alfajiri.