Kasha la waya unaojirudisha: linajua kasi, halijui umelifunga wapi

Karibuni watazamaji. Mezani kwangu leo kuna kasha hili la kumkamata mtu anayeanguka kutoka juu, lenye waya wa chuma wa mita 10, pamoja na hanesi, yaani mkanda wa usalama wa mwili mzima. Kasha hili nimefanya nalo kazi juu ya mapaa na minara kiasi cha kutosha kulisemea. Lile dogo la utepe pale pembeni tutalifikia. Ila kabla sijasifia chochote, nataka uone kinachotokea humo ndani, maana ukishakielewa, yale masharti yote ya kwenye kitabu hutayaona tena kama usumbufu.

Tazama mkono wangu. Nauvuta waya taratibu, unakuja. Nauachia kidogo kidogo, unarudi. Humo kuna springi inayouvuta muda wote, ndiyo maana haulegei na kukuzonga miguuni. Sasa naukupua ghafla. Umesikia ule mlio? Umekamata. Gurudumu linalosokota waya lina vijino vya chuma. Likizunguka polepole, vijino vinalala. Likizunguka kwa kasi, vinarushwa nje na kung'ata. Kwa vifaa vingi kasi hiyo ni kama mita 1.4 kwa sekunde, na mtu anayeanguka wima anaifikia akiwa ameshuka sentimita 10 tu. Hapo breki inaanza kusugua na kuachia waya kidogo kidogo, usije ukasimamishwa kwa kishindo. Mkanda wa kiti cha gari unakamata kwa namna inayofanana na hii.

Hapa ndipo kasha linapoishinda kamba ya kawaida yenye kipunguza mshtuko. Kamba ya mita 1.8 inakuacha uanguke kwanza, halafu kipunguza mshtuko kinafumuka na kurefuka. Ongeza urefu wako mwenyewe, utakuta unahitaji zaidi ya mita 5 za uwazi kutoka pale ulipofungia. Ukiwa ghorofa ya kwanza, unaweza kufika chini kamba bado inafumuka. Kasha la daraja la 1, kwa kiwango cha Marekani cha ANSI Z359.14 cha 2021, linatakiwa likusimamishe ndani ya mita 1.07. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na ndiyo sababu ninalipenda.

Lakini kipimo hicho ni cha kasha lililofungwa juu yako, usawa wa pete ya mgongoni mwa hanesi, pale inaponasa ndoano ya waya, au juu zaidi. Kasha linajua kitu kimoja tu: kasi. Halijui umelifunga wapi. Halijui kuna nguzo ubavuni mwako wala kwamba waya umelala kwenye ukingo wa bati. Hayo yote ni juu yako.

Nichore hapa ubaoni. Huyu fundi yuko mita 6 chini ya boriti aliyofungia kasha. Kuna bolti upande ule, akasogea mita 4 pembeni kuikaza. Waya uliotoka sasa ni mita 7.2. Akiteleza hapo, hashuki wima. Anabembea hadi chini ya boriti, na akifika pale atakuwa mita 1.2 chini ya kimo alichokuwa amesimama. Kukiwa na nguzo njiani ataipiga kwa ubavu, kwa kasi ya karibu kilomita 17 kwa saa. Kasha limemkamata, waya haukukatika, na mbavu zimevunjika. Watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha pembe ya nyuzi 30 kutoka wima. Kwa mita 6 hizi, hiyo ni kama mita 3.5 pembeni, basi. Bolti ikiwa mbali zaidi, panda ukahamishe kasha. Najua inachosha. Panda ukahamishe.

Na kuna jingine linaloniuma zaidi, kwa sababu watu hawaambiwi. Kama kasha linasubiri kasi, basi kuna kuanguka ambako halitakuona kabisa. Paa lenye mteremko mdogo: unaserereka polepole, waya unatoka tu, hadi ukingoni. Lundo la mchanga au ghala la nafaka: unazama, huanguki, na vijino vimelala. Kwenye kazi za namna hiyo usilitegemee kasha hili, hata kama msimamizi amekukabidhi kwa nia njema.

Ukingo nao ni hivyo hivyo. Ukifungia kasha chini, usawa wa miguu, ukianguka waya unapinda kwenye kona ya chuma au zege. Kuna vifaa vilivyotengenezwa kwa hali hiyo, ndivyo vya daraja la 2. Hivyo vinavumilia ukingo, na vingi utaona vina kipunguza mshtuko karibu na ndoano, kama kifuko kinene hivi. Hili langu halina. Kwa hiyo linafungwa juu, sina mjadala nalo.

Kitu unachofungia kasha, kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, zinataka kihimili kilonyutoni 22.2 kwa kila mtu, karibu uzito wa kilo 2,270. Bomba la maji halifai. Reli ya ngazi haifai. Boriti ya jengo, sawa, na mhandisi akiikubali ni bora zaidi.

Tuje kwenye hanesi. Pete hii ya mgongoni ikae katikati ya mabega. Ikishuka kuelekea kiunoni, ukikamatwa utainama mbele kama gunia. Mikanda ya mapaja: kiganja kilichonyooka kipite, ngumi isipite. Wa kifuani ukae katikati ya kifua, mbali na shingo. Na bado nawaona watu wenye mkanda wa kiunoni tu! Marekani imeukataza kwa kazi ya kukamata anayeanguka tangu tarehe 1 Januari 1998, kwa sababu nguvu yote inaishia tumboni na kwenye uti wa mgongo.

Sogeza kamera hapa kwenye ndoano. Unaona huu mstari mwekundu uliojificha? Ukionekana wazi, kasha limeshamkamata mtu, na halitumiki tena hadi lirudi kwa wanaoruhusiwa kulitengeneza. Kuna kazi moja nilikabidhiwa kasha lenye huo wekundu nje kabisa. Nilipouliza, nikaambiwa "linafanya kazi vizuri tu, livute uone." Nikalivuta, na kweli likakamata! Mtego wenyewe ni huo. Vijino vilikuwa vizima, lakini breki iliyokwisha kusugua huwezi kuipima kwa mkono. Nililirudisha, siku hiyo sikupanda.

Kitu kingine ninachokiona mara kwa mara ni fundo au koleo kwenye waya, ili springi isivute mabega. Usifanye hivyo. Umeshajitengenezea waya uliolegea, na utaanguka urefu wote huo kabla ya chochote kukamata. Kuunga kamba nyingine mbele ya ndoano ili ufike mbali, ni kosa lile lile.

Hili dogo la utepe ni jepesi, halikuchoshi, na kwa kazi fupi ndani ya jengo ningelichagua. Lakini kwa kuchomelea, hapana: cheche moja inatoboa utepe. Pia soma lebo ya uzito. Vingi ni vya mtu wa kilo 59 hadi 140, na hiyo 140 inahesabu nguo na zana zako zote.

Sasa, umeshakamatwa, unaning'inia. Nani anakutoa? Mikanda inabana mapaja, damu inajikusanya miguuni, na dakika chache tu zinaweza kukuzimisha. Mpango wa kukushusha uwepo kabla hujapanda, na awepo mtu wa pili chini anayejua ngazi au winchi iko wapi. Mimi nafunga pia hivi vitanzi vya kukanyagia kwenye hanesi, ili nipunguze kubanwa wakati nasubiri.

Nimemaliza kazi, nafungua ndoano. Usiiachie ikakimbia yenyewe. Inapiga kasha, springi inaumia na waya unajisokota vibaya. Naurudisha kwa mkono wenye glovu, nikiupapasa kama kuna nyuzi zilizokatika, taratibu, hadi ndoano iguse kasha.