Pampasi za Watu Wazima: Jinsi ya Kupanga Tabaka ili Mkojo Usivuje

Lalamiko ninaloletewa mara nyingi zaidi na watu wanaouguza wazazi wao nyumbani ni hili: mama amevalishwa pampasi nzuri, ndani yake imewekwa pedi kubwa kwa ajili ya usiku, juu amevikwa chupi ya plastiki, na bado ikifika alfajiri kanga imelowa, shuka limelowa na godoro linanuka. Anayelalamika huwa ameshaamua kwamba pampasi ni mbovu. Huenda dukani akanunua ya bei kubwa zaidi au ya saizi kubwa zaidi, na usiku unaofuata hali ni ileile. Kwa hiyo katika mwongozo huu sitashughulika na ulaini wala manukato, mambo ambayo paketi zenyewe huyatangaza vya kutosha. Nitaanza na kasoro moja ambayo sijasikia muuzaji akiitaja, kwa sababu bila kuielewa hakuna pampasi ya bei yoyote itakayomfaa mgonjwa wako.

Kasoro hiyo ni nailoni iliyo mgongoni mwa pedi ya ndani. Mfungue mgonjwa aliyevuja na uangalie kwa makini: pedi imejaa, imevimba na ni nzito, lakini pampasi iliyo chini yake ni kavu na nyeupe karibu kama ilivyotoka kwenye paketi, isipokuwa michirizi miwili ya unyevu kandokando, pale inapokutana na mapaja. Taulo ya kike na pedi ya uzazi hutengenezwa zikiwa na nailoni nyuma kwa sababu zinakusudiwa kukaa ndani ya chupi ya kawaida. Ukiiweka pedi ya namna hiyo ndani ya pampasi, umetandika ukuta usiopitisha maji juu ya kitu ulichokinunua kikunywe maji. Mtu mzima anaweza kutoa mililita 300 hadi 500 za mkojo kwa mkupuo mmoja, na zikizidi uwezo wa pedi, au zikija kwa kasi kuliko inavyonyonya, haziwezi kwenda chini. Zinakwenda pembeni, zinafuata kinena, zinatokea kwenye paja.

Pedi inayofaa kuwekwa ndani ni ile isiyo na nailoni, ambayo ikishiba hupitisha kilichobaki kwenda kwenye pampasi. Usikubali maneno ya muuzaji wala picha ya paketi, ijaribu mwenyewe. Nunua moja, itandike juu ya kitambaa kikavu, mimina maji taratibu katikati mpaka ilowe kabisa, kisha ongeza nusu glasi na uinue uone chini. Kitambaa kikilowa, hiyo ndiyo pedi ya kuweka ndani. Kikibaki kikavu, ina nailoni na kazi yake ni kuvaliwa peke yake. Aliyekwisha kununua katoni nzima ya zenye nailoni anaweza kuchana mikato mifupi kwa urefu kwenye nailoni ya nyuma, bila kufika kwenye pamba, ili mkojo upite; ni njia ya kumalizia zilizopo, si ya kuendelea nayo.

Upana wa pedi nao una hesabu yake. Ndani ya pampasi iliyotengenezwa vizuri kuna kuta mbili za kitambaa chembamba zenye lastiki, zinazosimama kila upande wa njia ya mkojo. Kuta hizo ndizo zinazozuia mkupuo wa ghafla kabla haujanyonywa. Pedi pana kupita kiasi huzilalia, nazo zikilala ni sawa na kutokuwepo. Pedi ikae katikati ya kuta, isizipande. Kabla ya kumvalisha mgonjwa, ikunje pampasi kwa urefu na uivute kidogo mwisho kwa mwisho ili kuta zisimame, kisha ukishaivalisha pitisha kidole kwenye kinena kuhakikisha kwamba hazikukunjika. Gundi za chini zifungwe kwanza, zikielekezwa juu kidogo, maana ndizo zinazokaza miguuni. Za juu zifuate, zikielekezwa chini kidogo. Mwanamume uume uelekezwe chini, vinginevyo mkojo utatokea kiunoni hata kama kila kitu kingine kimefanywa sawasawa.

Sasa nipange machaguo. Nafasi ya kwanza naipa pampasi ya kufunga kwa gundi pembeni, yenye kuta zilizosimama, ikiwa na pedi isiyo na nailoni ndani, na juu yake chupi ya kuvutika isiyobana. Kwa aina hii siwezi kuficha upendeleo wangu: naitaka TENA Slip, inayotengenezwa na kampuni ya Essity ya Sweden, na nikipata ndugu anayesafiri kutoka Uarabuni au Ulaya humwagiza hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Kuta zake husimama na kubaki zimesimama hata mgonjwa akigeuzwa ubavu, na mstari wa nje hubadilika kutoka manjano kuwa buluu inapolowa, kwa hiyo mzee hahitaji kufunguliwa na kuchunguzwa kila mara mbele ya wajukuu. Heshima hiyo kwangu ina thamani kubwa. MoliCare ya kampuni ya Hartmann ya Ujerumani naiweka karibu nayo sana, na anayeipata kwa bei nafuu aichukue bila wasiwasi. Zote mbili huonyesha kiwango cha unyonyaji kwa matone yaliyochorwa kwenye paketi, lakini matone ya kampuni moja hayalingani na ya nyingine, basi usiyalinganishe. Vilevile idadi ya mililita inayotajwa kwa mbwembwe kwenye baadhi ya bidhaa hupatikana maabara, ambako pampasi huzamishwa yote kwenye kimiminika na kupimwa. Hakuna mgonjwa anayekojoa namna hiyo, na chembechembe za kunyonya zilizo ndani ya pampasi hushika mkojo, wenye chumvi, kidogo mno kuliko maji matupu.

Ya pili ni pedi kubwa yenye umbo la mwili, inayoshikiliwa na chupi ya wavu. Hii ina nailoni nyuma, na ni sawa iwe nayo kwa kuwa inavaliwa peke yake. Kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa inampa mgonjwa hewa mapajani, jambo ambalo ngozi ya mzee hulihitaji sana. Naiweka ya pili kwa sababu mtu anayegeukageuka usiku huisogeza, na ikishasogea haina kinga.

Ya tatu ni pampasi za kuvaa kama chupi, mfano zile za Depend, chapa ya kampuni ya Kimberly-Clark ya Marekani. Zinamfaa anayetembea mwenyewe kwenda chooni na kuchelewa kidogo. Kwa mgonjwa wa kitandani hazifai, kwa kuwa huwezi kuzikaza miguuni, na kumbadilisha kunakulazimu kumvua nguo yote.

Winda la kitambaa na chupi ya plastiki juu yake ni la bei rahisi kuliko vyote na linafuliwa. Mwenye uwezo huo tu ahakikishe hakuna ncha ya kitambaa inayochungulia nje ya plastiki, kwa kuwa ncha hiyo itavuta mkojo wote hadi kwenye shuka, wala asitumie dawa ya kulainisha nguo anapofua, maana hupunguza unyonyaji.

Chupi ya nje, iwe ya kitambaa au ya plastiki, ni kinga ya mwisho, si ya kwanza, na wengi huiharibu kwa kuikaza. Chembechembe za ndani ya pampasi zinahitaji nafasi ya kuvimba. Ukizibana na chupi ndogo, mkojo uliokwisha kushikwa unaweza kukamuliwa upya. Mafuta ya mgando nayo yapakwe kidogo sana. Yakipakwa kwa wingi huhamia kwenye uso wa pampasi na kuziba vitundu vya kupitishia mkojo, halafu pampasi isiyo na kosa lolote hulaumiwa. Chini ya shuka tandika makintoshi, yaani shuka la mpira, ila juu ya makintoshi pawe na kitambaa kinachonyonya, ili ngozi isilale juu ya mpira.

Jambo la wauzaji linanikera kwa dhati. Ukieleza kwamba mgonjwa wako anavuja, jibu la wengi wao ni saizi kubwa zaidi, kwa kuwa ndiyo waliyo nayo rafuni. Saizi haipimwi kwa kiasi cha mkojo, hupimwa kwa mwili. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno na nyonga, shika kipimo kilicho kikubwa na ukilinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye paketi. Pampasi kubwa kuliko mwili huacha uwazi kwenye mapaja, na hapo ndipo unapopita mkojo. Kuna pia pampasi zilizotolewa kwenye paketi zao na kuuzwa kwa kuhesabu, bila jina, bila saizi na bila tarehe, nyingine zikiwa na lastiki iliyolegea upande mmoja. Mwanamke anayemuuguza mama mkwe wake kwa kipato cha genge la mboga anauziwa hizo kama kwamba anafanyiwa hisani.

Nayo bei haijamfikiria mtu huyu. Mwaka 2018 Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka 2019 ikairudisha kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Mjadala ule ulikuwa mkali na wa haki, lakini sikumsikia mtu akimtaja mzee aliyepooza anayehitaji pampasi kadhaa kila siku kwa miaka iliyobaki ya maisha yake.

Na kama anayevuja ni mwanamke aliyeanza tatizo hilo baada ya uchungu wa muda mrefu wa kujifungua, tafadhali fedha ya pampasi isubiri kwanza. Huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke linalopitisha mkojo, na fistula hutibiwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam hutoa matibabu hayo bila malipo, na imewahi kuwatumia wagonjwa wa mikoani nauli kwa simu ili wafike.